Msimu wa Kusafisha Namwamba

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Daftari hili nimepewa na mume wangu Gideoni jana, tukiwa nyumbani Chuno, Mtwara. Anasema niandike, maana nikirudi mwisho wa wiki nasimulia mpaka ugali unapoa. Haya, naandika, na yeye ale ugali wa moto.

Nimefika kisiwani na boti ya mradi, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Mhandisi Anold, mkuu wetu kutoka Dar es Salaam, alitapika tangu tulipoiacha Msimbati mpaka tukagusa mchanga. Hata hivyo alipopanda ufukweni alijifuta mdomo, akasimama wima na kuwasalimia wenyeji mmoja mmoja. Nimempenda kwa hilo.

Namwamba ni kisiwa kidogo cha matumbawe, si mbali na pale Ruvuma inapoingia baharini. Ukiinjika maharage na kuanza kukizunguka kwa miguu, utarudi yakiwa hayajaiva. Zamani palikuwa na shamba la minazi la kampuni fulani, na kampuni hiyo ilijenga bohari la dawa ya kuua wadudu wa minazi. Kampuni ikaondoka, dawa ikabaki. Mapipa yakaoza, paa likaanguka, dawa ikaingia kwenye udongo. Eneo lenyewe halizidi nusu ya uwanja wa mpira. Kazi yetu ni kuuchimba udongo ule wote, kuutia kwenye mapipa mapya na kuupakia kwenye tishari uende bandarini Mtwara, na kutoka hapo upelekwe nje ya nchi ukateketezwe. Mimi ni bibi afya. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayedhurika, awe kibarua au mwenyeji.

Wenyeji ni kaya chache tu. Mkubwa wao kwa sauti ni Mwanahamisi, mjane anayechokoa pweza miambani. Pale penye bohari wao hupaita Kwa Dawa. Nikawakusanya nikawaeleza kuwa ile si dawa, ni sumu, na kwamba hata wale wanaochota mchanga wa pale kuwanyunyizia kuku wenye utitiri waache. Mwanahamisi akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mlipoileta mliiita dawa. Leo mnaiondoa, imekuwa sumu. Sisi tushike lipi, Bibi Afya?"

Watu walicheka. Kisha akanitandikia mkeka na kunikatia dafu. Mama yangu kule Tukuyu hakuturuhusu kulala kabla hatujataja kitu kimoja cha kushukuru. Leo nashukuru mkeka. Dafu nimelinywa kwa aibu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kisima cha hapa ni kimoja, na kutoka Kwa Dawa ukitupa jiwe linatumbukia ndani. Anold amenieleza jinsi kisiwa kinavyopata maji matamu wakati chumvi imekizunguka pande zote. Maji ya mvua hushuka na kukaa juu ya maji ya bahari, chini ya mchanga, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tabaka lenyewe ni jembamba. Vipimo vya mwezi uliopita vinaonyesha maji bado ni mazuri, kwa kuwa sumu imekaa juu, imeshikwa na mizizi na majani makavu. Shida ni kwamba mwamba wa matumbawe una matundu mengi, na chochote kitakachoshuka na mvua hakitakutana na kizuizi.

Nikamuuliza, kikishuka je? Akasema basi watu wahame, na hawatarudi wao wala wajukuu wao. Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mwanahamisi alikuwa anapita na ndoo.

"Mume wangu amelala hapa," alisema bila kusimama. "Na watoto wawili. Nani atawahamisha hao?"

Jumamosi, 11 Oktoba

Joto. Nashukuru kivuli cha mivinje mitatu iliyo nyuma ya bohari.

Jumanne, 14 Oktoba

Vibarua wamefika kutoka Mahurunga, kijiji cha ng'ambo bara. Msimamizi wao ni Mzee Rashidi, mkulima wa korosho, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kito iliyofuliwa mpaka imekuwa rangi ya maziwa. Hakuna kitu anachokipita kikiwa kimekaa vibaya. Amefika, ameweka mzigo chini, na kabla hajanywa maji ameshapanga madumu yetu kwa mstari. Kati ya vijana wake yumo Abdallah, aliyemwoa binti yake mwaka jana. Mbele ya Abdallah mzee hatanii, hacheki, hata kukohoa anakohoa kwa heshima. Mkwe ni mkwe.

Nimewafundisha kuvaa ovaroli, mabuti, glavu na barakoa. Rashidi amejiangalia, akauliza kama wanakwenda kuchimba udongo au kwenda mwezini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa, Anold alizungumza na vibarua. "Jumatatu tunaanza kuchimba," alisema. "Mimi na Bibi Afya tunakwenda Mtwara kuchukua mapipa. Tukirudi tukute eneo limesafishwa."

"Litasafishika," alisema Rashidi, na macho yake yalikuwa tayari yanazunguka Kwa Dawa yakichagua pa kuanzia. Naandika haya ndani ya boti. Bahari imetulia na Anold hajatapika. Tumshukuru Mungu kwa madogo.

Jumatatu, 20 Oktoba



Tulipokaribia kisiwa niliona moshi, na haukuwa moshi wa kupikia. Niliruka kabla boti haijashika mchanga, nikakimbia na viatu mkononi. Nilipofika Kwa Dawa sikupatambua. Vichaka vyote vimefyekwa mpaka chini. Mikadi imekatwa. Mivinje yangu mitatu imelala, matawi yamepunguzwa, magogo yamepangwa. Majani makavu yote yamefagiliwa na kurundikwa pembeni, na mchangani zimebaki alama za ufagio kama uani mwa mtu anayengoja wageni wa posa. Mabati na matofali ya bohari nayo yameondolewa, yamewekwa vizuri upande. Rundo moja la majani lilikuwa linawaka, na moshi wake ulikuwa na harufu tamu inayokwaruza koo.

Katikati amesimama Mzee Rashidi, jasho linamtiririka, anatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza nimeyaona meno yake.

"Karibu mama. Tumesafisha. Hata ikidondoka korosho moja hapa, utaiona ungali baharini."

Nilipiga kelele moto uzimwe kwa mchanga, watu watoke upande wa moshi, wavue nguo, waoge kwa sabuni, waoge tena. Wawili walikuwa wanalalamika vichwa. Nimewalaza kivulini na jioni hii wamekula wakashiba, nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini moto ulipozimika, mimi ndiyo kwanza nikawaka. Nilimfokea mzee yule mbele ya watu wake wote. "Nani kawaambia mfyeke? Ile mizizi ndiyo iliyokuwa imeshika sumu! Mtu mzima una akili kweli wewe? Mharibifu mkubwa!"

"Mama, tuliambiwa tusafishe."

"Kusafisha ndiyo huku?"

Akaniangalia. Kisha akamwangalia Abdallah aliyekuwa amesimama hatua chache, akiwa ameinamisha uso kama anatafuta kitu mchangani. Rashidi akaweka panga lake chini taratibu, akaenda kukaa ufukweni, ametugeuzia mgongo.

Anold amekaa juu ya tofali. "Nilisema wasafishe," akasema. "Nilikuwa na maana ya kifusi." Nilikuwapo aliposema. Nililisikia neno lile na sikuona tatizo, maana kwetu kusafisha ni kufagia uani na kupiga deki.

Sasa udongo uko wazi kabisa. Upepo ukija utaubeba, na mvua ikija utashuka kisimani. Kazi iliyopangwa kwenda polepole mpaka Januari lazima iishe kabla ya mvua, na mvua za huku huanza kabla ya Krismasi. Nimekifunga kisima kwa mbao na kamba, maji yatakuja kwa madumu kutoka ng'ambo. Wanawake walisimama wakinitazama nikipiga misumari na hakuna aliyenisaidia.

Mwanahamisi alingoja nimalize. "Umempa asante ya punda," alisema. "Siku mbili kafyeka juani, halafu unantukana mbele ya nkwewe. Bora ungempiga kofi wakiwa wawili."

Jumanne, 21 Oktoba

Rashidi na watu wake wameondoka alfajiri na boti ya samaki. Hawakuchukua hata posho.

Alhamisi, 23 Oktoba

Upepo. Anold na mimi tumefunika kwa turubai mbili tulizo nazo. Ni sawa na kumfunika tembo kwa kanga. Membe waliozoea kutua kwenye mivinje wanazunguka juu, wanapiga kelele, wanaondoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Chuno. Nimemsimulia Gideoni na ugali umepoa kama zamani. Nilimaliza kwa kusema wale watu hawakuelewa kazi. Gideoni anafanya kazi bandarini, siku zote yuko na watu wa korosho. Akauliza, "Umewahi kuingia shamba la mikorosho msimu wa kuokota?" Nikasema nimeyaona barabarani. "Barabarani," akasema, akaendelea kula.

Kesho Waislamu wanaanza mfungo. Nani atachimba? Ni mwezi wa mfungo, tena katikati ya msimu wa korosho, na wanaojua kuvaa zile ovaroli ni walewale niliowafukuza kwa mdomo wangu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu umevunja mengi.

Jumanne, 28 Oktoba

Mahurunga. Nimefika na gari la idara asubuhi na mapema. Mwanaisha, mke wa Rashidi, alinipokea kwa adabu iliyonipa hofu zaidi kuliko matusi. "Yuko shambani. Ukitaka, mfuate." Nikamfuata.

Sijui niandike vipi. Mikorosho mikubwa, matawi yanashuka mpaka karibu na ardhi, na chini yake hakuna hata jani moja. Safi kabisa, mti kwa mti, mpaka macho yanapokomea. Juu ya mchanga ule mabibo yameanguka mekundu na ya njano, kila korosho inaonekana kwa mbali. Nilisimama na pochi yangu begani kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Maneno ya Rashidi yalinirudia: hata ikidondoka korosho moja utaiona. Hakuwa ameharibu. Alikuwa ametufanyia Namwamba kile anachokifanyia kitu anachokipenda kuliko vyote.

Alikuwa ameinama akiokota, na Abdallah mstari wa pili. "Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Sikuwa na hotuba. Niliweka pochi chini, nikafunga kanga kiunoni, nikaanza kuokota. Tuliokota mpaka jua likawa juu. Wao wamefunga, na mimi sikugusa chupa yangu ya maji. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka machozi. Mwishowe Rashidi akaketi.

"Umeacha mbili pale nyuma," akasema.

Nikarudi nikaziokota. Niliporudi nilisimama mbele yake, na nikahakikisha Abdallah yuko karibu, kwa kuwa maneno yale yalisemwa masikioni mwake na hapo ndipo yalipotakiwa kufutwa.

"Mzee Rashidi, nilikuita mharibifu. Leo nimeona shamba lako. Tuliambizana neno moja, kila mtu akalisikia la kwao. Ulifanya kazi safi, na mimi nilikuvunjia heshima mbele ya mkweo. Naomba unisamehe mbele yake."

Abdallah akaangalia pembeni haraka. Mzee akachagua korosho moja mkononi, akaifuta.

"Mimi ndugu zangu wamefuata maji huko kila siku wakitoka kuvua," akasema. "Kisima kile kimeninywesha tangu nna meno ya utoto. Ungeniambia mapema kwamba uchafu wa kule ndio unaolinda maji, nisingegusa jani." Kisha akaongeza, "Korosho zangu nani ataziokota?"

"Mimi nipo," alisema Mwanaisha nyuma yetu; sikujua amefika saa ngapi. "Na mashangazi wapo. Nenda ukayaokoe maji yako."

Nimelia njiani kurudi, dereva akafungulia redio kwa heshima yangu. Asante, Mungu wangu. Asante, Mwanaisha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wamerudi. Rashidi ameokota panga lake palepale alipoliacha.

Jumatatu, 3 Novemba

Tunaanza kabla ya jua kutoka na kuacha kabla halijawa kali, kwa ajili ya mfungo. Leo Rashidi kaniuliza, "Vumbi likiniingia puani, swaumu imeharibika?"

"Swaumu sijui. Ila wewe mwenyewe utaharibika. Vaa barakoa."

Abdallah alicheka. Kisha akashtuka kwamba amecheka mbele ya mkwewe, akageukia koleo lake.

Jumamosi, 8 Novemba

Mapipa yanajaa. Hakuna mgonjwa. Nashukuru.

Jumatano, 12 Novemba

Tishari limefika kuchukua mzigo wa kwanza, na maji yalipokupwa likakwama. Ili litoke ilibidi livutwe juu ya mwamba wa upande wa kusi, na likapasua matumbawe kwa upana wa chumba. Tulisikia sauti yake mpaka Kwa Dawa. Maji yakawa meupe mpaka jioni.

Pale ndipo Mwanahamisi alipokuwa anachokoa pweza tangu usichana wake. Ameshuka na mchokoo wake, ametembea juu ya vipande vilivyovunjika, amerudi mikono mitupu. Nilitegemea atafoka. Alikaa karibu yangu akasema, "Mmesafisha na pweza."

Nilimwambia nasikitika. Anold naye alikuja akamwambia hivyohivyo, na kwamba kuanzia sasa tishari litasimama nje na mapipa yatapelekwa kwa mashua, hata kama kazi itachukua muda zaidi. Mwanahamisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe baba unatapika kila siku kuja kutusafishia," alisema. "Sina ugomvi nawe. Lakini uandike popote unapoandika kwamba hapa palikuwa na pweza."

Ameandika. Na mimi naandika: upande wa kusi wa Namwamba palikuwa na pweza.

Jumatano, 19 Novemba

Mawingu mawili matatu upande wa bara. Zamani ningefurahi. Mimi ni mtoto wa Tukuyu, nimezaliwa mvua inanyesha na nimebatizwa inanyesha. Leo nimeyatazama mawingu yale kama mtu anayeona askari wa kodi anapiga kona.

Theluthi moja ya udongo bado, tena ile iliyo karibu na kisima.

Jumamosi, 22 Novemba

Gideoni! Amekuja mwenyewe na boti, amekalia rundo la turubai kuukuu, zile za kufunikia magunia ya korosho bandarini. Zilikuwa zimetupwa kwa sababu zimechanika. Wenzake wa bandarini wamekaa jioni tatu wakizishona, Wahaya, Wachaga na Wamakonde, kwa sindano za magunia. Wengi wao hawajui hata Namwamba iko wapi. Nilimkumbatia mbele za watu na Mwanahamisi akapiga vigelegele vya kunikomoa.

"Ndiyo huyu anayekula ugali wa baridi?" aliuliza. Kisiwa hiki hakina siri.

Jumatano, 26 Novemba

Idi. Kazi imesimama. Rashidi na watu wake wamebaki hapa, hawakwenda kwao, wanasema wakienda mvua itawawahi. Mwanaisha ametuma pilau na kuku kwa boti, na kwenye kapu langu peke yangu ameweka korosho za kukaanga. Nimekula na wenyeji kwenye mkeka uleule wa siku ya kwanza. Nashukuru kila punje.

Jumatano, 3 Desemba

Imekuja.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Adhuhuri upepo ukageuka, na kabla ya alasiri mbingu ya upande wa bara ilikuwa nyeusi mpaka chini. Rashidi alipiga ukelele na wote tukaacha tulichokuwa tunafanya. Turubai zote zilitandikwa juu ya sehemu iliyobaki, zikakandamizwa kwa mawe ya matumbawe, magogo ya mivinje, mapipa, chochote kizito. Kuzunguka kisima tulikuwa tumepanga viroba vya mchanga kama tuta. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yakapiga turubai kama watu wanaotupa kokoto.

Kisha upepo ukaingia chini. Pembe moja ya turubai iliinuka, jiwe lake likaruka, na nikaona udongo ule, mwekundu wa kutu, ukianza kulowa. Kijito chembamba kikajitengeneza na kuanza kuteremka, kikielekea palepale.

Rashidi alijitupa juu ya pembe ile kifudifudi. Abdallah akajitupa karibu yake, bega kwa bega na mkwewe, heshima zote zimekwenda na upepo. Anold akafuata na miwani yake. Mimi nikakaa upande wa pili nikaushika ukingo kwa mikono miwili, na turubai ilikuwa inanivuta kama ng'ombe mkaidi. Nikageuka nikaona wanawake wa kisiwa wanakuja wote, Mwanahamisi mbele. Sikuwaita. Tangu nilipokipigilia misumari kisima chao hawakuwahi kukanyaga eneo lile. Walikaa juu ya turubai mmoja mmoja, miguu mbele, kama walioalikwa shughulini.

Tulikaa hivyo. Mvua ilitupiga mpaka ngozi ikafa ganzi. Mimi, mtoto wa Tukuyu, niliomba mvua ikome, nikaomba kwa sauti, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Mwanahamisi alisikia, akanishika mkono.

"Usiombe ikome, itakuja kuadimika nchi nzima. Omba hivi: Mola wetu, pembezoni mwetu, si juu yetu."

Nikaomba hivyo. Mimi mwana wa kwaya ya Kilutheri, nimeomba dua ya Waislamu nikiwa nimekalia turubai la korosho, na sijawahi kuomba kwa moyo namna ile. Kile kijito kilifika kwenye viroba, kikajikusanya, kikasimama. Rashidi alikuwa anakitazama akiwa bado amelala kifudifudi, tope limemfika shavuni. Tulibaki hivyo mpaka mvua ilipohamia baharini.

Tulipoinuka, Abdallah alimpa mkwewe mkono kumwinua na mzee akaupokea. Nimewaogesha wote kwa sabuni mpaka sabuni ikaisha.

Siwezi kusema kama kuna kilichopita chini. Hakuna anayejua.

Alhamisi, 4 Desemba

Viroba vimelowa kwa ndani pia. Anold anavipapasa kimoja kimoja. Rashidi ameanza kuchimba kabla hatujamwambia.

Jumamosi, 13 Desemba

Pipa la mwisho limeondoka. Palipokuwa Kwa Dawa pamebaki shimo, mwamba mweupe umechomoza chini kama mifupa. Tumeamua kutoleta udongo wa bara, usije na siafu na magugu ambayo kisiwa hiki hakiyajui. Tumerudishia mchanga wa hapahapa. Hakuna kivuli, hakuna membe. Nikitazama najiuliza tumeponya au tumejeruhi, na naona ni yote mawili.

Maji ya kisima yamechukuliwa kwenye chupa na kupelekwa Dar kupimwa. Niliagana na Mwanahamisi bila kumtazama machoni.

Jumanne, 16 Desemba

Chuno. Hakuna simu.

Ijumaa, 19 Desemba

Hakuna. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Gideoni anakula ugali wa moto siku zote na anasema amekumbuka ule wa baridi.

Jumatatu, 22 Desemba

Anold alipiga simu ofisini kwa Gideoni, na Gideoni amekuja mbio kutoka bandarini mpaka Chuno kwa miguu, hakungoja usafiri. Alifika mlangoni akashindwa kusema kwa kuhema. Nilidhani ni msiba. Nikaketi chini kabisa, sakafuni.

"Ni mazuri," akasema. "Maji ni mazuri. Hayana kitu."

Jumatano, 24 Desemba

Namwamba. Nitalala Chuno leo kwa ajili ya mkesha wa Krismasi, lakini habari hii nilitaka kuileta kwa mdomo wangu, maana kukataza nilikataza kwa mdomo huuhuu.

Nilimkuta Rashidi hapa, amekuja na Abdallah kuleta mabibo. Sikutoa hata salamu. Nilichukua nyundo, nikaenda kisimani, nikaanza kung'oa misumari yangu mwenyewe. Wanawake walitoka, na safari hii walinishikia mbao. Mwanahamisi alitumbukiza ndoo, akaivuta, akachota kwa kata. Nilidhani atakunywa, lakini akaninyooshea mimi.

"Wewe ndiye uliyetufungisha. Wewe ndiye utakayefungua."

Nikanywa. Yana chumvi kwa mbali, kama machozi ya mtoto, na Mwanahamisi anasema ndivyo yalivyo tangu enzi za bibi yake. Nikampa kata, akanywa, akampa Rashidi, naye akayanywa karibu yote na kujipaka yaliyobaki usoni.

"Safi?" Mwanahamisi aliniuliza.

"Safi."

"Neno la kwenu au la kwao Rashidi?"

Tulicheka mpaka mzee akalazimika kumgeuzia Abdallah mgongo. Mvua ikaanza, nyepesi, na kwa mara ya kwanza msimu huu sikuangalia juu kwa hofu. Nilivua kilemba nikaiacha ininyeshee. Namshukuru Mungu kwa mvua. Namshukuru kwa Mwanahamisi aliyepoteza pweza wake na bado akaja kukaa juu ya turubai.

Tulipokuwa tunarudi ufukweni tulipita Kwa Dawa. Juu ya mchanga mtupu yameota majani, machache, membamba, ya kijani kibichi. Rashidi akasimama. Panga lilikuwa mkononi, na niliona vidole vyake vinacheza kwenye mpini. Mtu yule hajawahi kuliacha jani limeota chini ya mti wake.

"Mama," akasema, "na haya?"

"Yaache, mzee."

Akayatazama tena, akavuta pumzi. Kisha akaikunja kanzu yake, akainua mguu juu, akayaruka.